Kilimo Hakisomwi kwa Kidole Kimoja

Niliacha joto la pwani nikapanda bara kumtazama dada yangu aliyeolewa Eldoret, katika mtaa wa Munyaka. Neno hilo kwa Kikuyu maana yake ni bahati, na kweli wenyeji wa huko wamebahatika kwa ardhi. Nyuma ya nyumba nyingi nilizopita, kila palipobaki kipande cha udongo pamepandwa mahindi.

Mpwa wangu, aliye kidato cha tatu, alinipokea na kishikwambi mkononi. Shuleni kwao somo la kilimo siku hizi husomeshwa kwa chombo hicho. Mwanafunzi huchagua mbegu, hugusa kioo, mvua ikanyesha. Akikosea mbolea mmea hunyauka, na chombo humwambia ajaribu tena. "Mjomba, nimepata tisini kwa mia!" Nikasema mashaallah, tena kwa dhati.

Jioni dada akatuita tuyaone mahindi yake. Majani yametoboka, na moyoni mwa kila mmea mmejaa chenga kama unga wa msumeno. Mpwa wangu akatazama, akasema labda ni ukame. Jirani mmoja, mama mtu mzima asiyepata kugusa kishikwambi, akapenyeza vidole akachomoa kiwavi mnene. Alikuwa kiwavijeshi vamizi, mdudu aliyetoka Amerika, akaonekana Afrika mwaka 2016 na kuingia Kenya mwaka 2017. Usoni ana alama kama Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne yaliyokaa mraba. Kijana wa alama tisini hakumjua adui wa chakula cha mama yake.

Wako watakaosema, basi vyombo hivi vitupwe. La hasha! Ubaya si wa chombo, ubaya ni kukifanya chombo kuwa ndilo shamba.

Tazama programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Pennsylvania State cha Marekani pamoja na taasisi ya IITA na shirika la FAO. Huielekezi kwenye picha za kitabu, bali kwenye jani lenyewe, nayo hukwambia ugonjwa ulioko. Hufanya kazi hata pasipo intaneti, na Kiswahili inakijua. Ilianza na mhogo, kisha ikafunzwa kutambua madhara ya kiwavi huyu katika mahindi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa kwa jani moja la mhogo Nuru ilipatia 65 kwa mia, na mabwana shamba kati ya 40 na 58. Lakini ilipoonyeshwa majani sita ya mmea mmoja, ilipanda hadi kati ya 74 na 88. Zingatia hapo, msomaji: hata mashine haipati elimu kamili mpaka mtu aingie shambani na kufunua jani baada ya jani.

Kwetu pwani jambo hili lina uzito wake. Mhogo wetu unaliwa na ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ulioelezwa na wataalamu tangu mwaka 1936 huko Amani, Tanga. Hila yake ni kwamba shina laweza kusimama na majani yakapendeza, kumbe mizizi chini imeoza. Mkulima hung'oa siku ya kula, akakuta hasara. Nami nachelea elimu ya kilimo isiyogusa udongo itakuwa mhogo wa namna hiyo: juu alama tisini, chini hamna kitu.

Wazee wetu hawakuwa na vioo vya kugusa. Walihesabu mwaka kutoka Nairuzi, wakaugawa kwa miongo ya siku kumi kumi, wakajua mwongo upi wa kupanda na upi wa kungoja. Hesabu ile nayo ilikuwa chombo, lakini aliyeihesabu alikuwa na jembe begani.

Basi nawaomba walimu na wakubwa wa elimu mambo mawili. Kwanza, kishikwambi kimfuate mwanafunzi shambani, kisimfungie darasani. Mtihani wa kidato cha nne katika mfumo wa 8-4-4 una mradi wa kilimo ambao wanafunzi huufanya kwa mikono yao. Mfumo huo ukiisha, desturi hiyo isizikwe nao. Pili, watengenezaji wa masomo haya wasitufundishe mahindi ya Eldoret peke yake. Mtoto wa Lamu na Kilifi naye aone mnazi, mkorosho na mhogo wake, tena kwa Kiswahili.

Elimu bila ya amali ni mti usio matunda. Mpwa wangu ameyaelewa hayo. Kabla sijaondoka Munyaka nilimwacha kati ya mistari ya mahindi, simu mkono mmoja, na mkono wa pili umechafuka udongo.