Rafiki Aliyemfukuza Askofu

Wapo wanaodhani kumpenda mchungaji ni kumfichia dhambi. Napinga.

Mwaka 1891 Selma Lagerlöf wa Uswidi alitoa riwaya kuhusu Gösta Berling, mchungaji mlevi. Ilitengenezwa filamu mwaka 1924, na opera mwaka 1925. Wengi wanakumbuka uzuri wa Greta Garbo katika filamu ile. Mimi nakumbuka mwanzo wa kitabu. Washarika wamemshtaki, askofu amekuja. Gösta anahubiri kwa nguvu hata washtaki wenyewe wanamsamehe. Kisha mwenzake wa ulevi anamwendesha askofu kwa gari la farasi, mbio za kuogofya, na kumwonya asirudi kumsumbua. Kwa "wema" huo Gösta anapoteza uchungaji.

Hapa Lindi na Kilwa rafiki huyo yupo. Sharika zetu ni ndogo, majirani wengi ni Waislamu, basi tunasema, "Tusiaibike," na kumwambia mkuu wa jimbo kwamba mambo ni shwari. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mwendeeni kwanza faraghani, kama Mathayo 18 inavyoagiza. Asiposikia, mfungulieni askofu mlango. Nasema nikiwa mchungaji: siku nikianguka, msinifiche.