Taa ya ABS Haizimwi kwa Koleo

Imezuka desturi katika baadhi ya gereji zetu ambayo haifai kuachwa iendelee bila kukemewa. Gari huletwa huku taa ya manjano yenye herufi ABS ikiwaka kwenye dashibodi. Badala ya kulichunguza, fundi huchomoa balbu ama hukata waya kwa koleo, kisha mwenye gari akalipa na kwenda zake. Hapa Ainabkoi nimetendewa hivyo mimi mwenyewe. Fundi mmoja alinirejeshea ufunguo na kunihakikishia, "Taa imezimika, mwalimu." Naam, ilikuwa imezimika, balbu ilikuwa mfukoni mwake.

Breki za kawaida huendelea kufanya kazi hata ABS ikiharibika, na hilo ndilo linalowapa mafundi ujasiri. Lakini anayetoka huku kwenda Nakuru hupita Timboroa, penye baridi na ukungu, kisha huteremka hadi Salgaa, mahali ambapo Wakenya hawahitaji kusimuliwa. Dereva akikanyaga breki kwa ghafla juu ya lami iliyolowa, magurudumu hujifunga, gari likateleza na usukani ukakataa kutii. ABS, ambayo kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuiuza mwaka 1978 katika magari ya Mercedes-Benz, iliundwa kuzuia jambo hilo hasa. Kompyuta yake hulinganisha mwendo wa magurudumu. Likionekana moja linataka kusimama kabla ya mengine, breki yake hulegezwa na kukazwa tena, mara kadhaa kwa sekunde.

Kompyuta hiyo haina macho. Hutegemea vihisi, ambavyo mafundi huviita sensa (mwanafunzi asidhani ni ile ya kuhesabu watu). Katika magari mengi madogo viko vinne, kimoja kwa kila gurudumu. Baadhi ya pikapu za zamani zina kimoja tu kwa magurudumu ya nyuma, nacho hukaa juu ya difu. Kukitafuta hakuhitaji uganga. Pindua usukani hadi mwisho, kisha chungulia nyuma ya sahani ya breki ya gurudumu la mbele. Utaona waya mwembamba mweusi ukiandamana na mpira wa breki. Ufuate kuelekea kwenye gurudumu, nao utakufikisha kwenye kipande kidogo cha plastiki kilichofungwa kwa boliti moja, ncha yake ikielekea kitovu cha gurudumu. Nyuma hujificha zaidi: mara ubavuni mwa kitovu, mara ndani ya bamba la breki za ngoma, na katika magari mengine kimeunganishwa na beringi yenyewe.

Hapa ndipo fedha za watu hupotelea. Mashine ya kusoma hitilafu ikitaja gurudumu la kulia mbele, fundi hukimbilia kununua kihisi kipya. Mashine haikusema kihisi kimekufa. Imesema habari za gurudumu hilo hazifiki. Huenda ni matope yetu mekundu yaliyogandamana na vumbi la chuma, au waya uliochunika, au gurudumu la meno ambalo kihisi hulisoma limepasuka kwa kutu. Tena kuna beringi ambazo hazina meno bali upande mmoja una ukanda wa sumaku. Fundi akiipachika kinyume, kihisi kizima hakitaona kitu. Pini ya chuma tu, ikisogezwa kwenye beringi kabla ya kupachikwa, ingemwonyesha upande ulipo.

Wapo wanaodai kwamba ABS haitufai sisi wa barabara za changarawe. Dai hilo lina chembe ya ukweli, kwani juu ya kokoto zilizolegea gari lenye ABS laweza kuchukua masafa marefu zaidi kusimama. Hata hivyo, dereva hubaki na uwezo wa kulikwepa gari la maziwa lililoegeshwa kwenye kona, nao mimi siubadilishi kwa mita chache. Isitoshe, uamuzi huo si wa fundi kumfanyia mteja kisirisiri.

Lawama zangu haziwaishii mafundi. Wengi wao walipita mikononi mwetu sisi walimu. Tuliwafundisha kwamba Faraday, mwaka 1831, aligundua kuwa sumaku inayobadilika karibu na koili huzalisha umeme, wakakariri, wakafaulu mtihani, na hakuna aliyewaambia kwamba kihisi cha aina ya zamani ndicho jambo hilo hilo: sumaku, koili, na meno ya chuma yanayopita mbele yake.

Kifaa cha somo hilo hakigharimu shule fedha nyingi. Kitovu chakavu chenye kihisi cha koili chapatikana kwa wauza vyuma vikuukuu mjini Eldoret. Mwalimu aunganishe waya mbili za kihisi na mita ya umeme, aiweke kwenye volti za mkondo geu, kisha amwombe mwanafunzi azungushe kitovu kwa mkono, polepole kwanza, halafu kwa kasi. Namba zitapanda mbele ya macho ya darasa zima. Aina mpya zenye saketi ndani yake zisipimwe ukinzani kwa mita hiyo, kwani zaweza kuungua. Nalo hilo lafaa kuandikwa ubaoni siku hiyo hiyo.