Mbele ya kutia mukono



Mwezi huu tunajibu barua ya mama mumoja wa kampi. Anaandika hivi: «Mama mukwe wangu anasahau sana. Anatia chumvi mara mbili ndani ya mboga, anapotea njia ya soko. Majirani wanaanza kusema maneno ya ulozi. Sasa watu fulani wamekuja kutuomba aingie katika majaribio ya dawa ya akili. Bwana yangu anasema tusinye paka. Mimi naogopa.»

Mama, umefanya vizuri kuuliza mbele ya kusinye.

Kwanza, uwajibu majirani: kusahau kwa wazee si ulozi. Ni ubongo unaogonjwa. Pengine ni tension ya damu, pengine pombe, pengine dawa anazokunywa, pengine ugonjwa unaoitwa Alzheimer. Sababu zingine zinatunzika. Basi munganga amupime mbele ya yote.

Pili, jaribio si matunzo. Munganga anayetunza anatafuta faida ya mugonjwa wake. Anayejaribu anatafuta jibu la swali. Mara nyingi watu wanagawanywa kwa kura: hawa wanapata dawa, wale wanapata kitu kinachofanana nayo, lakini dawa haiko ndani. Ndivyo walivyojaribu dawa ya Alzheimer inayoitwa lecanemab: watu 1 795, miezi 18. Majibu yalitoka 2022. Dawa haikurudisha akili. Ilipunguza tu mwendo wa ugonjwa, kidogo. Na wengine walivimba ao walitoka damu katika ubongo.

Si kila jaribio ni la dawa. Kule Ufini wazee 1 260, wa miaka 60 mpaka 77, walifuatwa miaka 2. Nusu walisaidiwa kula vizuri, kufanya mazoezi ya mwili na ya akili, na kuangalia tension yao. Nusu walipata mashauri ya kawaida. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba wale wa kwanza walifanya vizuri zaidi katika kupimwa akili. Kama wazee wale wangekataa wote, leo tusingejua. Kwa hiyo hatusemi «kataeni». Tunasema: ulizeni.

Ulizeni hivi: Munatafuta kujua nini? Muda gani? Hatari ni gani? Akiumia, nani atalipa? Jaribio likiisha, kama dawa inamusaidia, ataendelea kuipata? Akitaka kutoka, atanyimwa matunzo? Kamati gani ya maadili iliruhusu kazi hii? Karatasi isomwe kwa luga munayosikia, na kopi ibaki nyumbani. Feza ya njia ni haki yenu. Lakini kama ni feza tu inayowasukuma kusinye, mungoje kwanza.

Neno la mwisho ndilo kubwa: mama mukwe mwenyewe anasema nini? Katika barua yako, mama, hatukuona neno lake. Azimio la Helsinki, ambalo Chama cha Waganga cha Dunia kilikubali mwaka 1964 na kusahihisha mara nyingi tangu hapo, linasema hata kama ndugu ametia mukono kwa ajili ya mutu asiyeweza kuamua peke yake, mutu huyo aulizwe kadiri anavyoweza kusikia, na akikataa, asilazimishwe.

Basi umuulize asubuhi, wakati kichwa chake kiko chepesi, kwa maneno mafupi. Akisahau kesho, umuulize tena, bila kukasirika. Na siku atakapovuta mukono wake mbele ya sindano, usiseme «ni ugonjwa tu». Ile ni «hapana» yake. Anasahau njia ya soko, ndiyo, lakini mwili ni wake bado.

Umusomee bwana yako ukurasa huu, kisha muende muketi karibu na mama yake, ninyi wote wawili. Mutuandikie alivyojibu.