Mtihani wa Nyota na Jua la Utosini

Miongoni mwa karatasi zote anazozikabili kijana anayetaka cheti cha ofisa wa zamu melini, hapana inayomtia hofu kama ile ya kuongoza chombo kwa jua, mwezi, sayari na nyota. Na kila ufikapo msimu wa mitihani husikika swali lile lile, kutoka kwa vijana wenyewe na hata kwa baadhi ya wakubwa wao, kwamba ni kwa hoja gani mtu wa zama hizi, ambaye mbele yake pana kioo kinachomwonyesha mahali chombo kilipo kwa tofauti ya mita chache tu, alazimishwe kukesha akijumlisha na kutoa nyuzi na dakika za pembe. Swali hilo lina haki ya kujibiwa kwa insafu. Mimi ni katika wanaosema kwamba mtihani huo ubaki. Lakini nasema pia, tena kwa nguvu ile ile, kwamba namna tunavyowaandaa watahiniwa ndiyo inayowapa sababu ya kuuchukia.

Kwanza sheria yenyewe. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978 unaosimamia mafunzo, vyeti na zamu za mabaharia unamtaka ofisa wa zamu katika meli ya tani 500 na zaidi aweze kuyatumia magimba ya mbinguni kupata mahali chombo kilipo. Wajumbe waliokutana Manila mwaka 2010 kuurekebisha mkataba huo walikuwa na fursa ya kulifuta sharti hili, maana wakati huo satelaiti zilikwisha kuingia katika kila chumba cha usukani. Nao hawakulifuta, bali walikubali tu kwamba ofisa anaweza kusaidiwa na almanaka ya kielektroniki na programu ya hesabu. Chuo cha wanamaji wa vita wa Marekani, kilichoko Annapolis, kilikwisha kuliacha somo hili mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa kudhani kwamba wakati wake umepita, kisha mwaka 2015 kikalirudisha darasani. Taifa lenyewe lililozirusha satelaiti hizo halikuthubutu kuzitegemea peke yake.

Sababu yake si siri. Mawimbi yanayotoka kwenye satelaiti hutufikia yakiwa dhaifu mno, na mwenye nia mbaya na mtambo usio mkubwa aweza kuyafunika, au, jambo lililo baya zaidi, aweza kuyaigiza. Mwezi Juni 2017, katika Bahari Nyeusi karibu na bandari ya Novorossiysk, manahodha waliona vioo vyao vikiwaambia kwamba meli zao zimo uwanja wa ndege, nchi kavu, ilhali wao wenyewe walikuwa wakiyatazama maji pande zote. Safari hiyo uongo ulikuwa mkubwa hata ukajifichua wenyewe. Je, ungalikuwa wa maili tatu tu, usiku, karibu na mwamba? Katika bahari zetu, mtu apitaye kusini ya Unguja na kukikaribia kile kisiwa kidogo cha matumbawe kiitwacho Fungu Mbaraka, kilicho chini na kisichoonekana mpaka umekifikia, anajua maili tatu zina thamani gani.

Lakini hoja ya hatari, ingawa ni ya kweli, si ndiyo iliyo moyoni mwangu zaidi. Faida kubwa ya somo hili ni katika namna linavyomlea mtu kufikiri. Tazama njia inayotumika katika mtihani, iliyotungwa na ofisa wa Kifaransa Marcq Saint-Hilaire mwaka 1875. Mtahiniwa huanza kwa kukiri kwamba hajui yuko wapi hasa. Huchukua dhana yake, yaani pale anapokisia kuwa yupo kwa mwendo na muda wa safari, na kutokana na dhana hiyo hukokotoa mwinuko ambao nyota fulani ingepaswa kuwa nao juu ya upeo wa bahari kwa sekunde ile ile. Kisha huulinganisha na mwinuko alioupima kwa sekstanti. Tofauti ya kila dakika moja ya pembe ni maili moja ya bahari, ama kuielekea nyota, ama kuipa kisogo. Nyota moja humpa mstari. Nyota tatu humpa pembetatu ndogo ya penseli juu ya ramani, na upana wa pembetatu hiyo humweleza kadiri ya kosa lake. Kwa hivyo ofisa hapati mahali alipo tu, bali hupata na kipimo cha shaka yake, jambo ambalo kioo hakimpi mtu ila akikijua mno.

Sasa tuangalie jinsi tunavyowaandaa. Nimekaa na watahiniwa wengi, na niliyoyaona yamenihuzunisha: karatasi yenye nafasi zilizoachwa wazi hukaririwa kutoka juu hadi chini kama uradi usiofahamika maana yake, mwanafunzi akajua kwamba safu ya nne hutolewa na ya tano hujumlishwa, bila ya kujua safu hizo zasema nini. Mwulize kwa nini tunapunguza pembe kwa ajili ya kimo cha jicho, atakujibu kwamba ndivyo fomu inavyotaka. Ilhali mtu asimamaye mita 9 juu ya maji huuona upeo ukiwa umezama kwa zaidi ya dakika 5 za pembe, na mwenye kulisahau sharti hilo amekwisha kukosea maili 5 kabla ya kulifungua jedwali. Vivyo hivyo saa: kosa la sekunde 4 ni maili nzima katika mstari wa Istiwai. Mambo haya hayakaririki. Hukaa kichwani mwa mtu aliyekosea kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaona kwenye ramani kosa limempeleka wapi.

Wala hapana haja ya kungoja meli. Dar es Salaam na Mombasa bahari iko mashariki, basi mwanafunzi aweza kulipima jua asubuhi lingali juu ya maji. Aliyeko Forodhani, Unguja, ana upeo wa magharibi, naye na alipime jioni. Na pale pasipo upeo, wazee wa kazi hii walituachia hila nyepesi, nayo ni sinia la mafuta mazito meusi lililotulia pasipo upepo. Jua huonekana ndani ya sinia kama katika kioo. Ukipima pembe baina ya jua la mbinguni na lile la siniani umepata mwinuko maradufu, na ukiugawa kwa mbili umeepukana na hesabu ya kimo cha jicho. Sekstanti nyingi hazipiti nyuzi 120, kwa hiyo hila hii yataka jua lisilozidi nyuzi 60, nalo la asubuhi latosha. Sharti mwanafunzi asisahau kuviteremsha vioo vyeusi vya sekstanti, maana jua halina huruma na jicho.

Pwani yetu pia ina masomo ambayo vitabu vilivyotungwa katika nchi za baridi aghalabu huyapitia haraka. London jua halifiki utosini hata siku moja. Dar es Salaam, iliyo karibu nyuzi 7 kusini, jua hukaa utosini mwa mtu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Siku hizo upimaji wa kawaida wa adhuhuri huvurugika, kwa sababu jua hutoka upande wa mashariki likahamia magharibi katika dakika chache tu, na ofisa hulazimika kuchora duara kuzunguka mahali ambapo jua limesimama utosini, badala ya kuchora mstari. Usiku nao una lake: huku kwetu jua huzama wima, magharibi ikawa fupi, na muda ambao nyota zimekwisha kuonekana na upeo haujapotea ni kama dakika 20 tu. Asiyezijua nyota zake kwa macho, dakika hizo zitampita akizitafuta.

Na hapa ndipo ninapowaomba walimu wakumbuke kwamba ilimu hii kwetu si mgeni. Kabla ya sekstanti, mabaharia wa Bahari ya Hindi walitumia kamali, kibao chenye uzi wa mafundo uliozuiwa kwa meno, wakiupima mwinuko wa nyota kwa isba, yaani upana wa kidole. Ahmad ibn Majid wa Julfar, aliyekamilisha kitabu chake kikuu cha ubaharia kwenye mwaka 1490 hivi, aliandika habari za pwani hii mpaka Sofala. Na ijapokuwa ile hadithi kwamba ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498 haikubaliwi na wanahistoria wengi wa leo, hadhi yake haihitaji hadithi hiyo. Mabaharia hao waliijua Jaa, nyota ya kaskazini. Na walipoteremka kusini hata Jaa ikainamia upeo na kutoweka, waligeukia nyota mbili ziitwazo al-Farqadan, kisha zile za Dubu Mkubwa, wakaendelea na safari. Suheli waliijua, na mpaka leo jina lake ni jina la upande wa kusini.

Basi mtahiniwa wa Lamu au Pemba afunguapo almanaka na kukuta nyota 57 zilizoteuliwa, akisoma Rigel na asijue kwamba ni mguu, Fomalhaut na asijue kwamba ni kinywa cha samaki, Achernar na asijue kwamba ni mwisho wa mto, hasara imeingia pasipo lazima. Aambiwe kwamba dakika ile ambayo jua hufika kileleni na kuanza kuteremka, ambayo mtihani unaitaka kwa jina la kigeni, ndiyo zawali ambayo nyanya yake aliingojea kwa ajili ya sala ya adhuhuri. Aambiwe kwamba ile nukta ya mbinguni iliyo juu ya kichwa chake yaitwa utosi, na kwamba Waarabu walioipa dunia neno lake walisema vivyo hivyo, upande wa kichwa. Atakayefahamu kwa lugha yake hatasahau akiulizwa kwa Kiingereza.

Ninalolipendekeza ni jepesi. Vyuo vyetu vya bahari, cha Dar es Salaam na cha Mombasa, vimtake kila mwanafunzi awe na daftari la vipimo alivyovichukua mwenyewe, asubuhi, zawali na magharibi, pamoja na makosa yake na sababu zake, na asiruhusiwe kuketi mtihani bila ya daftari hilo. Na wasahihishaji wampe sekstanti mkononi kabla ya kumpa kalamu. Hesabu na aifanye kwa jedwali au kwa programu, hilo halina uzito mkubwa.

Aliyelelewa hivyo, siku kioo kitakapomwambia kwamba meli yake iko uwanja wa ndege, hatakuwa na haja ya kubishana nacho. Atautazama upeo, atapima ni dakika ngapi zimebaki kabla ya giza, na atatoka nje na sekstanti yake.