Nani kasema kompyuta hizi zimekufa?

Tarehe 14 Oktoba 2025 maofisi yetu yalikuwa yamefungwa kwa mapumziko ya Siku ya Nyerere. Siku hiyo hiyo kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo endeshi uliotoka Julai 2015 na ambao hadi sasa umo katika kompyuta nyingi za Serikali, za mashule na za watu binafsi. Watumishi waliporejea kazini kesho yake walikuta mashine zinawaka kama kawaida, barua zinachapwa na hesabu zinajumlishwa. Hapakuwa na kilichovunjika. Hata hivyo tangu siku hiyo imeenea habari kwamba kompyuta hizo zimekufa, na kwamba dawa yake ni moja tu, nayo ni kununua nyingine.

Ndugu msomaji, mimi siikubali habari hiyo. Wala siikatai kwa ubishi wa mtu mzima asiyependa mambo mapya. Naikataa kwa sababu nimeletewa bili yake mezani.

Mimi ni mjumbe wa bodi ya shule moja ya sekondari ya kata. Shule ina kompyuta 22 za mezani, zote za mtumba, zilizonunuliwa mwaka 2019 kwa michango ya wazazi. Fundi aliyeitwa kuzikagua aliandika taarifa ya nusu ukurasa. Alisema Windows 11 haiwezi kuwekwa humo, kwa kuwa mfumo huo unadai kijisehemu maalumu cha usalama na vichakato vya kuanzia mwaka 2018 hivi, navyo vyetu ni vya zamani zaidi. Katika hilo alisema kweli. Kisha akaambatanisha orodha ya bei ya kompyuta mpya 22, ambazo, kwa bahati njema, alikuwa akiziuza yeye mwenyewe.

Mkuu wa shule, ambaye ni mtu mwaminifu na mwenye shughuli nyingi, alikuwa amekwisha andaa rasimu ya barua ya kuwaomba wazazi wachange tena. Wazazi wenyewe ni wakulima wa mahindi na mama lishe. Walichanga mwaka 2019 wakiambiwa kwamba wananunua kompyuta. Hakuna aliyewaambia kwamba wananunua kompyuta ya miaka sita.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Mwaka ule wa 2019 nilikuwa katika kamati ya ununuzi. Niliuliza bei, nikauliza kama kibodi zimekamilika, nikatia sahihi. Sikuuliza zina umri gani, wala sikuuliza mfumo endeshi uliomo una leseni au hauna. Mwezi uliopita tulipozikagua moja moja tuligundua kwamba kati ya kompyuta 22, zenye leseni halali ni 3. Zile 19 zilifunguliwa kwa ufunguo wa wizi, na ni mashine hizo hizo ambazo kila muhula zilikuwa zikila flashi za walimu kwa virusi. Kwa hiyo tulidhani tunapata bure kitu ambacho tulikuwa tukikilipia kila siku kwa njia nyingine.

Nchi yetu si ngeni katika suala hili la gharama. Kompyuta ya kwanza iliwekwa Hazina mwaka 1965, na kufika mwaka 1974 zilikuwapo 7 tu nchi nzima. Mwaka huo Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mashine zilikuwa zikila fedha za kigeni, wataalamu wake walitoka nje, na hesabu za Serikali zilizotarajiwa kunyooka zilikuwa zimevurugika. Vijana wa leo hucheka wasikiapo jambo hilo. Mimi sicheki. Marufuku ilikuwa dawa mbaya, na ilituchelewesha. Ikaja kulegezwa baadaye, kama ilivyopasa. Lakini swali lililozaa marufuku hiyo lilikuwa swali la haki kabisa. Nani anashika ufunguo wa mashine hii, na tutamlipa kiasi gani, na mpaka lini? Tulipoacha marufuku tuliacha na swali pia, na hapo ndipo tulipokosea mara ya pili.

Tulitazame basi swali hilo kwa tarakimu. Microsoft haikuwaacha wateja wake bila mlango. Ofisi au kampuni inayotaka kuendelea kupata marekebisho ya usalama ya Windows 10 iliwekewa bei ya dola 61 kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, ambazo ni shilingi 150,000 hivi kwa viwango vya mwaka 2025. Mwaka wa pili bei hiyo huzidishwa mara mbili, na mwaka wa tatu mara mbili tena. Jumla ya miaka mitatu ni dola 427 kwa mashine moja. Idara yenye kompyuta 40 italipa dola 17,080, na mwisho wa miaka hiyo mitatu itabaki na mashine zile zile, zimezeeka zaidi. Mashule yalipewa nafuu kubwa: dola 1 mwaka wa kwanza, 2 wa pili, 4 wa tatu. Kwa kompyuta 22 hiyo ni dola 154 kwa miaka yote mitatu, na hakuna shule itakayoshindwa. Lakini nafuu hiyo hutolewa kwa mwenye leseni halali. Mwenye ufunguo wa wizi hana mlango wa kuingilia, hata akiwa na hizo dola mkononi. Shule yetu ingeweza kuokoa mashine 3.

Ipo njia nyingine, nayo si ngeni hata kidogo. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Finland aitwaye Linus Torvalds alianza kuandika kiini cha mfumo endeshi uitwao Linux, akauachia ulimwengu. Juu ya kiini hicho zimejengwa programu huria za kila namna, ambazo mtu anaruhusiwa kuzitumia, kuzinakili, kuzichungua na kuzirekebisha bila kulipia leseni. Simu za Android zilizo mifukoni mwetu zinakwenda kwa kiini hicho hicho. Kwa kuandika barua na kupiga hesabu ipo LibreOffice. Kompyuta ya mwaka 2013 yenye kumbukumbu ya GB 4, ikiwekewa mfumo mwepesi wa aina hiyo na diski ya kisasa isiyozunguka, hufanya kazi za darasani bila manung'uniko. Jeshi la polisi la Ufaransa liitwalo Gendarmerie lilianza kuhamia huko mwaka 2005 kwa programu za ofisini, likafuatisha mfumo endeshi mwaka 2008, na leo lina makumi ya maelfu ya mashine zinazokwenda hivyo.

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu peke yao. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Hiyo ni zaidi ya miaka 20 iliyopita. Karani angeweza kufungua faili, kuhariri na kuchapa kwa lugha anayoiota usiku. Kazi ile haikuenea maofisini. Ilitafsiriwa vizuri, ikazinduliwa vizuri, kisha hakuna aliyeamriwa kuitumia, na chombo kisicho na mtumiaji hakina wa kukitetea.

Sasa nije kwa upande wa pili, maana nisipousema nitakuwa nawadanganya walimu wenzangu. Programu huria ni bure dukani tu. Mji wa Munich nchini Ujerumani ulianza safari hiyo mwaka 2004 na kuhamisha takriban kompyuta 15,000. Mwaka 2017 baraza la mji likapiga kura kurudi Windows. Siasa za mji zilikuwamo, lakini manung'uniko ya watumishi yalikuwamo pia. Hati zilizotoka nje hazikufunguka sawasawa, na kila kasoro ililaumiwa mfumo mpya hata pale kosa lilipokuwa la mtandao.

Kwetu kikwazo kina jina na kina kiti chake, nacho ni jedwali la matokeo la mwalimu wa taaluma. Kila shule ina jedwali hilo. Lilitengenezwa miaka mingi iliyopita na mwalimu aliyekwisha hamishwa, lina fomula zinazopanga madaraja na nafasi, na lina vitufe ambavyo ukivibonyeza hutoa ripoti ya kila mwanafunzi. Tulilifungua katika LibreOffice. Majina yalikuja, alama zikaja, madaraja yakaja. Vitufe vikafa. Mwalimu wa taaluma akatutazama kama watu waliomvunjia nyumba, na sikuwa na la kumjibu. Ripoti za wanafunzi 400 haziandikwi kwa nadharia.

Kwa sababu hiyo siungi mkono wale wanaotaka kila kitu kihamishwe kwa siku moja. Kompyuta ya mhasibu na ya mwalimu wa taaluma ziwe na leseni, zilipiwe, na zisiguswe na mtoto wala na flashi ya mtoto. Kompyuta za maabara, ambazo kazi yake ni kumfundisha kijana kuandika, kupiga hesabu, kutafuta habari na kuanza kuandika programu, hazina sababu hata moja ya kungoja kibali cha mtu. Na mifumo mingi ya Serikali ambayo watumishi huifungua siku hizi hufunguliwa kwa kivinjari; kivinjari hakiulizi chini yake kuna mfumo gani.

Iko gharama nyingine ambayo haimo katika bajeti yoyote, nayo ni bando. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu viligawiwa kwa walimu. Lilikuwa jambo jema, na wengi wetu hatukutegemea kukipata chombo kile maishani. Lakini kishikwambi bila bando ni kioo cha kujitazamia. Mwalimu hujaza taarifa za wanafunzi, hujaza taarifa za utumishi wake, hupokea nyaraka za ofisi kwa simu yake mwenyewe, na vocha anainunua kwa mshahara wake. Akiunganisha kompyuta yake mpakato na simu ili apeleke taarifa ya kurasa 2, kompyuta inatumia nafasi hiyo kujiletea marekebisho makubwa, na bando la wiki linakwisha kabla taarifa haijaondoka. Kuna mahali pa kuizuia isifanye hivyo: unaiambia kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Ni walimu wangapi wamewahi kuonyeshwa mahali hapo? Tunafundishwa kuwasha na kuzima, kisha tunapewa cheti cha ushiriki.

Na kama Serikali inamhesabia mtumishi nauli na posho anapotumwa kazini kwa miguu, hapana budi siku moja imhesabie na kazi anayotumwa kwa mtandao. Nalisema hili bila uchungu. Nalisema kwa kuwa gharama isiyoandikwa popote hulipwa na asiye na pa kulalamikia.

Yapo mambo ambayo kamati za ununuzi zinaweza kuyafanya hata kesho, bila waraka mpya. Muuzaji atakiwe kuandika katika ankara mwaka ambao mashine ilitengenezwa, leseni iliyomo ni ya nani, na marekebisho ya usalama yatakoma mwaka gani. Windows XP ilikoma Aprili 2014, Windows 7 Januari 2020, Windows 10 Oktoba 2025. Tarehe hizi zote zilitangazwa miaka kadhaa kabla. Haikuwa siri. Mwaka 2019, tulipotia sahihi ya zile mashine 22, tarehe ya kukoma kwake ilikuwa imekwisha chapishwa na mwenye mali, na ningeweza kuisoma kama ningeuliza. Kadhalika printa: bei yake dukani ni ndogo kwa makusudi, na faida inatafutwa katika wino. Iulizwe bei ya wino wa mwaka mzima kabla ya bei ya printa.

Barua ya mkuu wa shule kwa wazazi bado imo kwenye jalada, haijatumwa. Bodi ilikubali tujaribu mashine 6 kwa muhula mmoja. Kijana mmoja wa kidato cha tatu alimsaidia mwalimu wa TEHAMA kuziwekea mfumo huria kwa alasiri mbili, na tangu hapo 5 zinafanya kazi kila siku. Ya 6 ilikuwa na ubao mkuu ulioungua, na hiyo kweli imekufa. Tumeing'oa kumbukumbu yake tukaiongeza katika nyingine. Jedwali la matokeo liko kwa mwalimu mmoja wa hisabati ambaye ameomba apewe likizo yote ya Juni alijenge upya. Mwalimu wa taaluma amesema ataliamini siku atakapoona ripoti 400 zimetoka, na mimi nimemwambia kwamba ana haki.