Ndoo Mbili za Mipira Kila Jioni

Masika yanapokwisha na nyasi za viwanja vya gofu vya Dar es Salaam kukauka, mchezaji wa ridhaa huanza msimu wake akiwa na nia moja: kushusha handikapu. Mfano wake ni mhasibu wa miaka 52 anayetumia dawa za shinikizo la damu. Mwezi Juni handikapu yake ni 22, naye anataka ifike 18 kabla ya Krismasi. Kutwa nzima ameketi mbele ya kompyuta. Saa kumi na moja jioni yuko uwanja wa mazoezi, ameagiza ndoo mbili za mipira, na anaipiga yote kwa fimbo ndefu kabla giza halijaingia. Agosti kiwiko cha kulia kinaanza kuuma upande wa ndani. Septemba hawezi kuinua birika la chai. Ndipo anapokwenda kliniki, na jibu analolipata mara nyingi huwa fupi: aache gofu.

Ushauri huo haumgharimu chochote anayeutoa, lakini humgharimu sana mgonjwa.

Maumivu hayo yamepewa jina la mchezo wenyewe, kiwiko cha gofu, ingawa seremala na mfuaji wa nguo huyapata bila kuwahi kushika fimbo. Misuli inayokunja kifundo cha mkono na vidole imeshikizwa kwa kano kwenye kinundu cha mfupa, upande wa ndani wa kiwiko. Kila mkwaju huivuta kano hiyo kwa ghafula, na fimbo ikigonga ardhi kabla ya mpira, mvuto huwa mkali zaidi. Kano hupata damu kidogo kuliko msuli, hivyo hujijenga polepole. Mwili uliokaa bila mazoezi kipindi chote cha mvua umepewa mzigo wa miezi kadhaa katika wiki tatu. Hapo ndipo kosa lilipo.

Kwa mhasibu huyu, raundi ya mashimo 18 ndiyo matembezi pekee ya juma zima, nayo ni mwendo wa kilometa 8 au zaidi. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2009, uliofuatilia wachezaji wapatao 300,000, uliwakuta na kiwango cha vifo kilicho chini kwa asilimia 40 kuliko wenzao wa umri, jinsi na hali sawa ya maisha. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba gofu pekee ndiyo iliyowalinda, maana aliye na afya ndiye anayemudu kucheza. Hata hivyo, kumwondolea mgonjwa wa shinikizo la damu matembezi yake ni uamuzi unaotaka sababu nzito kuliko kiwiko. Hatari iliyo karibu zaidi ni diklofenaki anayoinunua duka la dawa kila Jumamosi asubuhi: hupandisha shinikizo hilohilo na kuzielemea figo.

Mchezo wenyewe unatoa njia nyingine. Katika uwanja wa mikwaju 72, mikwaju 36 imetengwa kwa ajili ya kuusukumia mpira shimoni, kazi isiyokichosha kiwiko. Tangu mwaka 2020, handikapu hukokotolewa kwa raundi 8 bora kati ya 20 za mwisho. Siku 12 mbaya husamehewa, kwa hiyo hakuna haja ya kulipiza raundi mbovu kwa ndoo mbili za mipira. Mhasibu anaweza kutumia Septemba na Oktoba kwenye mikwaju mifupi, huku akiimarisha kano nyumbani: mkono juu ya meza, kiganja juu, chupa ya maji ya nusu lita ikishushwa taratibu. Fimbo ndefu zirudi kidogo kidogo, maumivu yakiwa ndiyo kipimo. Sindano ya steroidi huleta nafuu ya wiki chache, kisha maumivu hurejea kwa wengi. Isiombwe kama tiketi ya kuingilia mashindano.

Muuguzi au tabibu anayempokea mgonjwa huyu aanze kwa kuuliza anapiga mipira mingapi kwa wiki, na tangu lini. Aulize pia kuhusu ganzi katika kidole kidogo na cha pete, kwa sababu huenda neva imebanwa. Na maumivu ya mkono yanayokuja wakati wa kupanda mwinuko, yakiambatana na kifua kubana, yasiitwe ya kiwiko hata kidogo. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Swali hilo la idadi linamhusu zaidi mbeba mikoba, ambaye mara nyingi naye ni mchezaji anayefanya mazoezi baada ya kazi. Kwake yeye, kupumzika wiki sita ni kukosa kipato cha wiki sita. Daktari azungumze naye juu ya kigari cha kukokota na kubadilishana mabega. Naye mwenye mkoba akumbuke kwamba kanuni zinaruhusu fimbo 14, hazilazimishi.