Kisima Hakijichoti

Limeenea miongoni mwa wasomi wetu wazo ambalo ni jema kulipinga mapema, kabla halijaota mizizi katika vichwa vya vijana. Wazo lenyewe ni kwamba utunzi, uchoraji na uvumbuzi hutoka katika vilindi vya nafsi, mahali ambapo nia ya mtu haifiki wala jitihada yake haina kazi. Aliyejaliwa, vilindi vyake vitabubujika. Asiyejaliwa, hata akikesha na kalamu mkononi atachota mchanga mtupu. Mwanafunzi mvivu hulipenda wazo hili kwa kuwa linampa udhuru. Mwalimu aliyechoka hulipenda kwa kuwa linamruhusu kuandika chini ya insha kwamba mtoto huyu hana kipawa, kisha akalifunga daftari. Wazo hili lina ukweli ndani yake, na hapo ndipo hatari yake ilipo, maana uongo mtupu haumpati wa kuuamini.

Tuanze na ukweli wake. Sigmund Freud, tabibu wa Vienna, alifundisha kuwa akili tuijuayo ni sehemu ndogo tu ya nafsi. Chini yake mna matamanio, hofu na kumbukumbu za utotoni ambazo mtu amezizika, wala hazikufa. Katika makala ya mwaka 1908 alimlinganisha mtunzi na mtoto achezaye, kwa kuwa wote wawili hujiumbia ulimwengu unaowapendeza. Yeyote aliyepata kuota ndoto hawezi kukana kuwa ndani yetu mna mambo yasiyongoja amri yetu. Wahenga waliosema kuwa moyo wa mtu ni msitu wa giza walikwisha kuyajua hayo.

Kosa huanza pale kilindi kinapofanywa kuwa ndicho mtenda kazi yote. Mwaka 1910 Freud alitoa kitabu juu ya Leonardo da Vinci, mchoraji mkuu wa Italia aliyeishi tangu 1452 hata 1519. Leonardo aliandika kwamba alipokuwa mtoto mchanga ndege alimjia, akampiga kinywani kwa mkia wake. Freud alimwona ndege huyo kuwa ni tumbusi. Akakumbuka kuwa Wamisri wa kale walimchora mungu wao wa kike, aliye mama, kwa sura ya tumbusi. Akajenga juu yake maelezo marefu ya utoto wa Leonardo, aliyelelewa kwanza na mama pasipo baba, na ya picha alizochora baadaye. Lakini Leonardo hakuandika tumbusi. Aliandika mwewe. Tafsiri aliyoitumia Freud ilikosea, na kufika mwaka 1923 kosa hilo lilikwisha kuonyeshwa hadharani. Nguzo iliondoka, paa likabaki hewani.

Wala tumbusi si hoja yangu kubwa. Maneno yale ya mwewe yamo miongoni mwa maandishi ya Leonardo juu ya jinsi ndege warukavyo. Mtu huyu aliacha maelfu ya kurasa za michoro na maelezo: bawa, upepo, mkondo wa maji. Kwa kauli yake mwenyewe alipasua maiti zipatazo 30 ili aione mishipa na misuli kwa macho yake. Watoto waliolelewa na mama pasipo baba ni wengi katika kila kizazi. Waliopasua maiti 30 ili wajue kuuchora mkono ni wangapi? Freud mwenyewe, alipoandika juu ya Dostoevsky mwaka 1928, alikiri kuwa elimu yake huweka silaha chini mbele ya fumbo la msanii. Wako wamfuatao ambao mpaka leo hawajaziweka.

Atauliza mtu: je, hakuna mawazo yajayo ghafla bila kuitwa? Yako. Henri Poincaré, mwanahisabati wa Ufaransa, alisimulia mwaka 1908 jinsi jawabu kubwa lilivyomjia alipokuwa akikanyaga ngazi ya gari la abiria katika mji wa Coutances. Wapendao miujiza huisimulia hadithi hii na kuishia hapo. Hawasemi kuwa kabla yake alikaa mezani siku 15 akishindana na hesabu hizo, wala kwamba aliporejea nyumbani alilihakiki jawabu lake. Tena Poincaré alisema wazi kuwa kazi ya akili iliyofichika haizai kitu isipotanguliwa na kufuatwa na kazi ya akili iliyo macho.

Ushahidi mwingine ulitoka hapa petu. Carl Jung wa Uswisi, aliyekuwa mwenzi wa Freud kabla ya kutengana naye, alifika Mombasa mwaka 1925, akasafiri hata Mlima Elgon, akawauliza wenyeji juu ya ndoto zao. Asimulia katika kumbukumbu zake kuwa mganga mmoja mzee alimjibu kwa huzuni. Zamani waganga waliota, wakajua habari za vita, maradhi na mvua, na ng'ombe wapelekwe wapi. Lakini tangu Wazungu waje, ndoto zimekoma, kwa kuwa Bwana DC ndiye ajuaye yote.

Yafikirini maneno hayo. Nafsi ya mzee yule haikupungukiwa na kina. Alichopokonywa ni shauri la watu wake. Na alipokuwa hana tena jambo la kuamua, ndoto nazo zilinyamaza. Vilindi humjibu mwenye swali.

Nasi walimu tujihadhari tusiwafanyie watoto vivyo hivyo. Tunapowapa insha zilizokwisha kuandikwa ili wazikariri kwa ajili ya mtihani, tunawapokonya shauri lao, kisha twashangaa kuwa hawana ubunifu.

Na wewe kijana, usiulize kama una kipawa. Swali hilo halijibiki kwa kukaa na kuwaza. Chagua jambo moja linalokusumbua, ulitazame kwa makini, uliandike, ukifute kibaya na kuandika tena. Likikushinda, lala nalo. Asubuhi liendee upya. Kisima kinaweza kuwa kirefu mno, lakini kamba na ndoo ni juu yako.